Taa ya Tairi na Jicho la Baba Mkwe

Gari letu la kwanza lilitusalimia kwa Kijapani. Ukizungusha ufunguo, sauti ya mwanamke ilitoa maneno marefu yenye adabu, kisha ikanyamaza. Mume wangu alidhani anatutakia safari njema. Mimi nilidhani anatuuliza tumewapeleka wapi wenye gari lao. Ilikuwa miaka ya soko huria, magari yaliyokwisha tumika Ulaya na Japani yakishushwa bandarini kila kukicha, na sisi walimu, ambao wazazi wetu walipanga foleni kununua sabuni, tukajikuta tunamiliki chombo chenye taa nyingi kuliko nyumba yetu. Sauti ile ilipotea tulipobadilisha redio. Taa zikabaki.

Mojawapo ndiyo iliyoninyima raha. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, na mchoro wake ulifanana na chungu kilichokatwa katikati, ndani yake alama ya mshangao. Iliwaka asubuhi, Tukuyu ikiwa bado na baridi ya kuuma masikio, na jua likipanda ilizimika yenyewe. Mume wangu alisema ni breki. Fundi wa kwanza alisema ni mafuta. Fundi wa pili hakusema kitu. Alikata kipande cha selotepu nyeusi, akakibandika juu ya taa, akajifuta mikono na kutangaza kwamba gari limepona. Nilipofika nyumbani Msasani, mtaa wa hapo hapo Tukuyu, nilikibandua kwa hasira. Mtoto akilia hazibwi mdomo, anaulizwa kinachomliza.

Nikaanza kuuliza, maana mimi nikishindwa kuelewa kitu sipati usingizi. Asubuhi moja ya Jumamosi nilikaa kwenye kiti cha dereva na kikombe cha chai, nikaitazama taa kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Niliona jambo ambalo mume wangu hakuwahi kuliona, kwa sababu yeye akiwasha gari huondoka hapo hapo. Taa haikuwaka tu. Ilipepesa kwanza, kitambo kizuri, ndipo ikatulia na kubaki inawaka. Mchana, jua lilipotoka na taa ikiwa imelala, nilichukua njiti ya kiberiti, nikatoa upepo kwenye tairi la mbele mpaka likaanza kulegea, nikaliendesha gari polepole kuzunguka uwanja wa kanisa. Safari hii taa haikupepesa hata kidogo. Iliwaka moja kwa moja. Mchungaji alitoka nje kuangalia ni nani anayezunguka kanisa kwa gari, akaona ni mwalimu wa jiografia, akarudi ndani.

Nusu ya pili ya jibu niliipata kwa fundi wa pancha wa karibu na stendi, mtu mchangamfu aliyependa kubishana habari za mpira kuliko kuziba matairi. Alipolivua tairi kutoka kwenye rimu, tuliona kidude cheusi, ukubwa wake kama kiberiti, kimeshikamana na shina la pale upepo unapoingilia.

"Hivi nimeshavitoa vingi, mwalimu," akasema. "Mimi najua ni uzito tu, wa kufanya tairi lisiyumbe."

"Hata mimi ningedhani hivyo. Unavyo vingine?"

Alikuwa navyo, kwenye kopo la rangi. Tukavunja kimoja kwa nyundo, wote wawili tumechuchumaa, tukisahau hata wateja. Ndani mlikuwa na betri bapa kama ya saa, imezamishwa kwenye gundi ngumu ambayo hakuna bisibisi ingeipenya. Hapakuwa na waya wa kwenda popote. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilifurahi kama niliyeokota kitu njiani: kila gurudumu lilikuwa na kiredio chake, kinaliambia gari lina upepo kiasi gani. Betri ile haibadilishwi. Ikizeeka, baridi ya asubuhi inaizidi nguvu, gari linaita na halisikii jibu. Kupepesa maana yake gari halijasikia. Kuwaka moja kwa moja maana yake limesikia, na habari si nzuri. Vidude vipya havikupatikana hata Mbeya, basi tukaendelea kuishi na vile vizee vyetu, na mimi nikawa mtu pekee mtaani anayejua gari lake linasema nini.

Jambo jingine lililokuwa likinishangaza wilayani kwetu Rungwe, na hilo halikuwa na njiti ya kulijaribia, lilikuwa baba mkwe wangu. Alikaa Lupepo, akilima migomba na chai, mzee wa kanisa, mtu anayesifiwa na wote. Mimi nilikuwa sijawahi kuuona uso wake. Katika desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Siku hizi wengi wameiacha, hasa mjini, lakini ukoo wa mume wangu uliishika kwa mikono miwili. Akitokea njiani, mimi ninaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Jina lake silitaji. Shikamoo yangu ilibebwa na wifi yangu, na marahaba yake ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Watoto wetu walishinda kwake; mimi nilichokijua kwake ni koti la kahawia, kofia, na kikohozi.

Kwetu Singida mkwe unampelekea uji mwenyewe na kumwuliza amelalaje. Mwanzoni desturi hii iliniudhi. Niliona kama nimewekewa uzio. Mume wangu aliniambia ni heshima, na kwamba hata baba yake anajificha, si mimi peke yangu. Baadaye udhia ukaisha, ukabaki udadisi. Nilikuwa najiuliza kama na yeye, siku moja moja, anajiuliza habari zangu.

Kisha nuru ya macho ikaanza kumtoka. La kushoto lilikuwa limekufa tangu ujanani, lilipochomwa na tawi. Lilibaki la kulia, na hilo nalo likafunikwa na mtoto wa jicho mpaka akawa haoni hata mkono wake. Wakaja madaktari wa macho Mbeya, tukaambiwa apelekwe haraka, jicho hilo linaweza kuokolewa. Lakini daktari wa wilaya alikataza kabisa mabasi: baada ya upasuaji mzee asibanwe, asisukumwe, asipigwe na vumbi. Gari tulikuwa nalo. Mume wangu alikuwa masomoni Morogoro. Wifi yangu, aliyekuwa akimtunza baba yake, hakujua kuendesha. Dereva aliyebaki ni mimi, mtu pekee katika ukoo mzima asiyeruhusiwa kukaa naye.

Wazee wakaitana Lupepo. Sikuwapo, bila shaka, lakini wifi alinisimulia. Walizunguka jambo lile tangu asubuhi mpaka ndizi zikaiva jikoni, ndipo mdogo wake mzee akatoa hukumu: desturi inamkataza asimwone mke wa mwanawe, na sasa hawezi kumwona mtu yeyote, basi apelekwe. Wote wakashusha pumzi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hata hivyo nilikuwa na woga, kwa sababu jicho lile lilikuwa la mwisho, na kwenda na kurudi lingekuwa mikononi mwangu.

Asubuhi ya safari nilijifungia jikoni kwao hadi wifi alipomkalisha baba yake kiti cha nyuma, kushoto. Nikaingia bila neno. Nilipowasha, taa ikapepesa.

"Mama yangu, hiyo nini tena?" wifi akashtuka. "Tusije tukafia njiani."

"Hiyo ni betri ya kidude, inaona baridi. Ingewaka bila kupepesa ndiyo ningeshuka."

Tukaenda hadi Mbeya salama. Nyuma yangu sikusikia chochote isipokuwa kikohozi kile, mara moja, tulipokuwa tukipanda Isyonje.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wifi akalala naye hospitali, mimi kwa rafiki. Kesho yake wakamwondolea bandeji na mzee akaona dirisha, akaona vidole vya daktari, akamwona binti yake na kumwambia amenenepa. Wifi alipotoka kunieleza alikuwa analia. Masharti alikuwa ameyashika kichwani: asiiname, asisugue, asinyanyue kitu, na zaidi ya yote maji yasiingie jichoni. Maji machafu yakiingia kidonda kikaoza, alisema daktari, hakuna wa kulirudisha.

Nilifurahi, na papo hapo nikapata baridi. Hukumu ya wazee ilisimama juu ya upofu, na upofu haukuwapo tena. Nilisimama kando ya gari nikiwaza nijifunike kanga gubigubi, nitaendeshaje. Kisha nikawaona wanatoka mlangoni. Wifi alikuwa amemshika baba yake mkono, na mzee alikuwa amejifunga leso usoni, ile leso yake ya mfukoni ya kufutia jasho, fundo limekaa kisogoni.

"Kajifunga mwenyewe," wifi akaninong'oneza. "Kasema hakupewa jicho ili amvunjie mtu heshima."

Mtu ambaye amekaa gizani muda mrefu, akapewa mwanga, akaufunga kwa leso ili mimi nipate kuendesha! Nilishindwa nicheke au nilie. Nikaingia garini na kuendesha kama niliyebeba mayai.

Tulivuka Kiwira mchana, jua likiwa limetoka na mawingu yakijikusanya mlimani. Taa ilikuwa imelala tangu Mbeya. Tulipokaribia Kyimo, ikawaka. Haikupepesa. Nikapunguza mwendo na kusimama pembeni.

"Si taa yako ya kila siku?" wifi akasema. "Twende, mvua hiyo inakuja."

"Leo si ile ya kila siku."

Nikazunguka gari. Matairi yote manne yalionekana sawa, yamejaa tope, na gari lenyewe halikuwa na namna ya kusema ni lipi. Wifi alinitazama kwa dirishani kwa jicho la mtu anayeona wifi yake anawapotezea muda. Kwa kweli hata mimi nilianza kuyumba. Vidude vizee vingeweza kusema uongo.

Hapo mzee akasema nyuma, akimwelekea binti yake, "Mwambie mwenye gali, kuna kitu kinapumua chini yangu."

Nikatia mate kwenye kidole, nikapapasa tairi la nyuma kushoto. Msumari ulikuwa umezama mpaka kichwani, na mate yakatoa mapovu. Kwa mteremko ule wa mbele yetu na tairi linalokwisha upepo, tungeweza kuwa bondeni na mzee wetu na jicho lake. Nikatoa jeki.

Mzee alishushwa, akasimama ukingoni na fimbo yake. Mimi na wifi tulilegeza nati kwa kuikanyagia spana, tukaziweza zote isipokuwa moja, iliyokwisha kulika kingo na mafundi wa zamani. Tukasema itakubali gari likiinuliwa. Tukaliinua. Haikukubali. Spana ikazunguka juu yake bila kuishika, na gari likabaki limening'inia mguu mmoja kwenye udongo laini, si la kuingiwa na mtu. Wifi akasimamisha pikipiki kwenda Kyimo kumtafuta fundi. Kabla ya kupanda alimfungulia baba yake mwavuli, akamshikisha, akaniangalia, akaangalia barabara, akaondoka.

Tukabaki wawili. Nilifanya nilivyofundishwa: nikahamia upande wa pili wa gari, nikampa mgongo.

Mvua ikaja. Mvua ya Rungwe haina desturi ya kushuka kutoka juu tu, ikitaka inakuja ubavuni, na hii ilikuja kutoka mlimani pamoja na upepo. Mzee aliushika mwavuli juu ya kichwa, wima, kwa kuwa hakuwa anaona mvua inatoka wapi, na mvua ikampiga usoni. Niligeuka kuchungulia. Leso ilikuwa imebadilika rangi. Ilikuwa inanyonya maji, na jasho la Lupepo, na vumbi la safari, yote yakigandamizwa juu ya jicho lililopasuliwa jana. Niliangalia barabara. Hapakuwa na pikipiki, hapakuwa na mtu, ilikuwa migomba tu mpaka mwisho wa macho. Nilijua kwamba nikinyamaza nitakuwa mkamwana mwenye adabu kuliko wote wilayani, na mzee atapofuka kwa adabu yangu.

"Shikamoo, baba," nikasema. Sikupanga kuanza hivyo. Mdomo wenyewe ndivyo ulivyolelewa.

Akageuza kichwa upande wa migomba.

"Mwambieni..." akaanza, kisha akanyamaza, maana hapakuwa na wa kuambiwa.

"Leso imelowa, baba. Daktari amekataza maji. Naomba uitoe."

Akaibana fimbo kwapani.

"Malahaba," akasema hatimaye, na mkono wake ukaenda kisogoni kufungua fundo. Leso ikaanguka. Macho aliyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayeambiwa asichungulie.

Nikamwendea. Nilikuwa na kanga kavu kwenye mkoba, nikamwekea mkononi ajifute paji la uso, jicho lenyewe asiliguse, nikachukua mwavuli na kuuelekeza mvua inakotoka. Sijui kama ardhi ilitakiwa kupasuka. Haikupasuka. Tulisimama karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya koti lake, moshi na majani ya chai.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile asubuhi taa ilipepesa, ukasema ni balidi," alisema, macho bado yamefumbwa. "Leo umesema si ile. Umejuaje?"

Kumbe nyuma kule alikuwa akikusanya kila neno! Nikamweleza kidude, betri, gundi, na jinsi gari linavyosikia na linavyokosa kusikia.

"Bila waya?"

"Bila waya, baba."

"Kama ledio."

"Kama redio. Kila gurudumu na yake."

Alifikiri. "Na linajua ni taili lipi?"

"Halijui. Linajua tu kwamba mmoja ana shida."

"Basi hapo nimelishinda," akasema, na akacheka. Ndipo nilipojua kwamba mume wangu alichukua kicheko kwa baba yake. Maswali yakaendelea: betri inaishi muda gani, nani aliwaza kitu kama hicho, Wajapani wana baridi kama yetu? Nilimjibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nikakiri, naye akaguna kwa kuridhika kama mtu aliyepata wa kuongea naye. Nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile miaka yote hiyo bila kujua kwamba kuna mwingine anayeumwa ugonjwa wangu wa kuuliza.

Mvua ilipopungua na kuwa manyunyu, akasema, "Iwashe. Nataka kuiona."

Nilisita. "Utaiona vipi, baba?"

"Kwa jicho. Si ndilo tulilolifuata Mbeya?"

Nikafungua mlango wa dereva. Nilimwongoza kwa sauti mpaka akasimama pale ambapo angeweza kuona bila kuinama, nikanyoosha mkono na kuzungusha ufunguo bila kuwasha injini, mkono wa pili ukiwa bado na mwavuli juu yake. Taa zikawaka. Akafumbua jicho la kulia taratibu, likatoa machozi, akalipepesa, akalituliza.

"Ile ya chungwa," nikamwambia, "yenye chungu."

Akaitafuta, akaiona, akaitazama.

"Ndogo hivi," alisema.

Kisha akageuka. Sikuwa na pa kujificha: mkono mmoja ulikuwa na mwavuli, wa pili ufunguo, na kanga yangu alikuwa nayo yeye. Nikainamisha macho. Nilihisi ananitazama, polepole, kipaji cha uso, pua, kidevu, kama mtu anayesoma kitu asichotaka kuruka hata neno lake.

"Yule mtoto wenu mkubwa," akasema. "Nilipokuwa bado naona, nilikuwa namtazama sana. Ule uso nimeutafuta kwa mama yangu, nimeutafuta kwa dada zangu wote. Sikuuona ulikotoka." "Kumbe ni wako."

Mwavuli ulikuwa umenipinda mkononi na maji yalikuwa yananishuka mgongoni, nikainua uso wote ili auone vizuri.

"Ni wa mama yangu, baba," nikasema.